Ng'ombe Kumi na Tisa wa Baba

Jumatatu, 7 Mei 1956

Barua imefika. Nimekubaliwa Makerere. Nimeisoma mara sita, ya mwisho nikiwa chooni, ili karani mwenzangu Hezekia asiuone uso wangu. Kumbe nilijisumbua. Hezekia naye amekubaliwa, na alikuwa amekwisha kumwambia hata mfagizi wa ofisi ya baraza.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya kuomba serikali itulipie ada. Inauliza mali ya baba: shamba, nyumba, ng'ombe. Mali ikionekana nyingi, baba hulipa mwenyewe. Baba yangu, Mzee Ambilikile wa Ipyana, ana ng'ombe wanane. Bila msaada huo nitazeeka nikinakili majina ya walipa kodi.

Nimeandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: Ng'ombe, hakuna.

Hezekia ameandika mitumbwi miwili ya baba yake, nyavu, hata vyungu anavyofinyanga mama yake kule ufukweni. Arobaini na kimoja, kimoja kina ufa. Nilimwonea huruma. Akasema karani akidanganya kwenye karatasi, ni sawa na mpishi kutemea mboga mate.

Jumanne, 8 Mei

Usingizi haukuja. Je, akija mtu kuhesabu?

Mtu makini haachi pengo. Kwetu si ajabu ng'ombe kulala kwa rafiki: anayewalisha hunywa maziwa, mwenyewe hubaki na sifa. Nikamwambia baba nimesikia ofisini kwamba ugonjwa wa kwato unakuja upande wetu, heri ng'ombe wahamie Talatala kwa rafiki yake Mzee Kenani. Baba akauliza ugonjwa umetokea wapi. Nikasema Dar es Salaam. Akasema kwa ugonjwa wa miguu, umetembea sana.

Lakini mimi ni karani, naye huheshimu habari za ofisini. Kufikia jioni banda lilikuwa tupu. Mama alilifagia, kisha akasimama na ufagio akinitazama muda mrefu. Sikupenda mtazamo ule.

Alhamisi, 10 Mei

Bwana Shauri, Mzungu wa ofisi ya wilaya, ametuma taarifa kutoka Tukuyu. Jumamosi atawatembelea wazazi wa waombaji wote wa huku Kyela. Waombaji wote ni sisi wawili. Hezekia amefurahi kama anayeposewa. Mimi nilinakili jina la mlipa kodi mmoja mara mbili.

Halafu nikakumbuka kwamba nimejiandaa. Nikatulia. Jioni nilimwomba mama afiche baiskeli ya baba nyuma ya magunia ya mpunga. Akauliza baba ataendea nini kanisani, mwiko? Nikamwomba afiche na magunia. Akasema nilipozaliwa walimwambia mtoto huyu ana kichwa kikubwa, hawakumwambia kina nini ndani.

Jumamosi, 12 Mei

Nilipanda Landrova pamoja na Bwana Shauri kumwonyesha njia. Safari nzima nilimweleza shida za kwetu. Nilizieleza vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kusikia huzuni. Akatikisa kichwa kwa upole. Nikajiona tayari nimevaa joho.

Tukapinda kona ya migomba.

Ng'ombe kumi na tisa.

Wamepangwa mbele ya nyumba, wameoshwa, wanang'aa kama viatu vya askari. Baba katikati, ndani ya koti la kanisani. Baiskeli imeegemezwa mlangoni, nayo imeoshwa.

Nilikuja kuelewa baadaye. Juzi Hezekia alikutana na baba sokoni, akamwambia kwa nia njema kabisa kwamba Mzungu anakuja kuona anavyoishi. Hakumwambia kwa nini. Na ni mzee gani wa Ipyana atakayempokea mgeni mkubwa akiwa na banda tupu? Baba akawarudisha wanane wake kutoka Talatala, ugonjwa uje usije. Akaona hawatoshi. Akaazima kumi na mmoja kwa majirani.

Bwana Shauri akauliza ng'ombe hawa ni wa nani. Baba akajibu ni wa nyumba hii, na yule mwekundu ana mimba, kwa hiyo Bwana anaweza kuandika ishirini.

Bwana Shauri akaitoa fomu yangu. Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili safi: Ng'ombe, hakuna.

Baba akanigeukia. Hakufoka. Aliuliza tu kama yeye amekufa na watu wamesahau kumwambia.

Jumatatu, 14 Mei

Uamuzi: baba alipe nusu ya ada kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine. Hezekia atalipiwa yote, pamoja na mitumbwi yake na vyungu vyake.

Leo akanionyesha nyuma ya fomu. Imeandikwa: Mzazi mwenye ng'ombe chini ya kumi, serikali hulipa ada yote. Wanane. Wangetosha wanane wale wale. Nikamwuliza nani hugeuza fomu. Akasema karani.

Hata hivyo kuna tumaini. Nimemwungamia Bwana Shauri kwamba kumi na mmoja ni wa kuazima. Akasema wenye ng'ombe waje watie sahihi, naye atarekebisha. Kazi ya nusu siku.

Jumatano, 16 Mei

Nimezunguka Ipyana kutwa nzima, matope hadi magotini. Hakuna mwenye ng'ombe. Habari imeenea kwamba serikali inaandika ng'ombe, na kila mtu anaamini kodi iko nyuma ya kalamu. Walionisalimu vizuri asubuhi, mchana walikuwa maskini tangu enzi za Wajerumani.

Mzee Zebedayo aliapa kwamba hajawahi kumiliki mnyama yeyote mwenye pembe. Ng'ombe wake alikuwa amesimama nyuma yake akimlamba kola. Nikamwonyesha. Akageuka, akamtazama, akasema maskini, atakuwa amepotea njia.

Alhamisi, 31 Mei

Leo ndiyo siku ya mwisho. Asubuhi nilimwaga wino kwenye daftari la kodi la Makwale.

Saa tisa baba akaingia ofisini. Ameuza ng'ombe wanne, yule mwekundu mwenye mimba akiwamo. Alitoka mnadani kwa miguu, kwa kuwa baiskeli nayo ameiuza. Akaweka stakabadhi mezani kwangu, imelala kifudifudi. Akaniambia safari hii nianze kusoma nyuma.

Nikamshukuru kwa Kinyakyusa: ndaga, tata. Akasema hakulipa ili ashukuriwe. Amelipa ili iandikwe mahali kwamba yupo.

Hezekia akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Jumapili, 24 Juni

Kesho tunasafiri. Sanduku limefungwa. Usiku mwingi nimewaza kosa langu, na sasa nimelielewa kikamilifu: nilidanganya karibu mno na nyumbani.

Imekuja fomu nyingine, ya posho ya nguo kwa wanafunzi waliofiwa na baba. Safari hii nimekuwa makini. Nimeisoma mbele na nyuma, mara tatu. Haisemi popote kwamba mtu atatumwa kuhakikisha. Kampala ni mbali. Nimeandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: Baba, marehemu.

Wino ulikuwa haujakauka marehemu alipoingia na koti lake la kanisani mkononi. Anataka mama alitie viraka. Anasema Agosti, mpunga ukishauzwa, atakuja Makerere kuona alichonunua kwa ng'ombe wanne, na atamwomba mkuu wa chuo amwonyeshe mahali jina lake lilipoandikwa. Mzee Zebedayo atamsindikiza.

Nimemwambia asijisumbue. Nimesikia upande wa Kampala kuna ugonjwa wa kwato.