Maneno ya Mheshimiwa Mbele ya Geti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, uliyeniwakilisha mpaka nilipofika, na sasa nimefika, Waheshimiwa Madiwani mliopo na mlio njiani, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Kaimu Mkurugenzi, Ndugu Unayemkaimu Kaimu, viongozi wetu wa dini zote, Kamanda na askari wako wenye virungu, wadau wa maendeleo, mke wangu mpenzi, mzabuni wa mahema haya, uliyeshinda zabuni kwa sifa zako mwenyewe, mabibi na mabwana, nanyi wananchi mliosimama juani, ambao ndio hasa wenye shughuli. Itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye hema. Juani watu wanajipepea kwa karatasi za ratiba.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa yote nimefanya mimi, ili kuzindua rasmi Kituo cha Kuwaepusha Vijana na Magenge, ambacho halmashauri yenu sikivu imekitengea fedha miaka mitatu mfululizo, na ambacho, kwa mujibu wa fremuwaki tuliyoipitisha na mastekiholda wote katika semina elekezi ya siku tisa pale hotelini, siku mbili za kazi na saba za kutafakari, kitakuwa na ukumbi wa kompyuta, chumba cha ushauri nasaha, karakana ya kisasa na vyoo vinne vyenye maji. Geti lake ndilo hili hapa. Litazameni! Limesimama wima, limepakwa rangi ya buluu, lina utepe. Niwaombe tu wale wa pembeni msizunguke kwenda nyuma yake, kwa sababu za kiusalama. (Askari anawarudisha watu wawili na mbuzi.)

Tatizo la magenge mimi silisomi kwenye mafaili tu, limenigusa mwenyewe, maana mwaka juzi waling'oa kioo cha pembeni cha gari la serikali nikiwa ndani yake nimelala. Kuanzia siku ile niliapa. Nikaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikafanya utafiti wa kina, na utafiti umebaini kwamba asilimia mia moja ya vijana walioko kwenye magenge ni vijana, na kwamba asilimia sabini na tatu nukta nne ya magenge hayo hukutana mahali pasipo na geti. Takwimu hazidanganyi. (Sauti kutoka nyuma: "Zinatumwa tu!" Kicheko.)

Namwona mama yangu pale mbele, muuza mitumba, amenikunjia uso. Nakufahamu, mama. Mwanao amelazwa tangu wiki iliyopita kwa jeraha la panga, na nilikutumia salamu za pole kupitia kwa katibu wangu. (Mama: "Salamu haifungi kidonda, Mheshimiwa!") Hasira hasara, mama yangu. Ni kwa ajili ya mwanao tumekusanyika hapa, chini ya mahema ya gharama hii.

Sasa nitoe ufafanuzi, maana maneno yamekuwa mengi mitaani. Ni kweli kwamba kwenye kiwanja hiki palikuwa na kibanda cha mabati cha fundi wa kuchomelea, yule pale mwenye makovu ya cheche mikononi. Ni kweli pia kwamba kwa miaka tisa fundi huyo amekuwa akiwachukua vijana wa lile genge linalojiita Wana wa Nyundo, akawavalisha miwani ya kazi, akawafundisha kupima, kukata na kuunga chuma, na mchana wakala alichokula yeye. Lakini jamani, alifanya hayo bila silabasi, bila daftari la mahudhurio, bila andiko la mradi, bila hata bango! Vijana kumi na mmoja wamekaa mwaka mzima bila kumkaba mtu, na sisi kama halmashauri tukajikuta hatuna namna ya kuliripoti jambo hilo, kwa kuwa kwenye fomu zetu za monitaringi hakuna mahali pa kumwandika kijana ambaye hajafanya kitu. Tungejaza nini? Ndiyo maana mwezi uliopita, kwa moyo mzito na tingatinga la kukodi, tukakiondoa kile kibanda kupisha maendeleo. (Makofi ya hema. Fundi anatazama ardhi.)

Wapo wanaonong'ona kwamba tangu kibanda kivunjwe, vijana watano kati ya wale kumi na mmoja wamerudi kwenye genge, na kwamba mtoto wa huyu mama ni mmoja wao. Sikatai. Nasema hivi, tena nasema bila kupepesa macho: hiyo ni impakti! Inathibitisha kwamba kituo hiki kilihitajika. Na wale sita waliobaki je? Hawa hapa, wamesimama nyuma ya geti tangu saa mbili asubuhi, mikono yao mnaiona kwenye nondo, kwa kuwa tuliwaahidi kwamba atakayeshiriki uzinduzi atakuwa wa kwanza kuandikishwa. Huo ndio uzalendo. (Kijana mmoja nyuma ya geti: "Mheshimiwa, mikono imekufa ganzi!") Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu.

Kituo hiki kitazalisha ajira elfu mbili za moja kwa moja na elfu nane za kuzunguka. Kila kijana atajengewa uwezo, na akishajengewa uwezo atajengewa uwezo wa kujenga uwezo wa wenzake, mpaka mtaa mzima uwe na uwezo na asiwepo wa kumkaba mwenziwe. Wakati wa watangulizi wangu mlisikia habari hizi? Hamkusikia. Mimi silali! (Sauti: "Na kwenye gari?" Kicheko kirefu. Kamanda anasimama, kicheko kinakatika.)

Tuchangamke kidogo. Nikisema "Magenge", ninyi semeni "Nje". Magenge! (Hema: "Nje!") Panga! (Hema: "Nje!") Vijana! (Hema, kwa mazoea: "Nje!") Hapana, hapana, hapo mnasema "Ndani". Basi, yaishe.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu wetu kwa kutuletea mfumo wa kisasa wa kutanguliza geti. Zamani tulianza na msingi, mvua ikanyesha, fedha zikaisha, na wafadhili wakija wanakuta shimo. Siku hizi tunaanza na geti, halafu utepe, halafu picha, halafu ripoti, na jengo litafuata kadiri hali ya hewa ya kibajeti itakavyoruhusu. Utepe nilishaukata asubuhi, mkaufunga tena kwa ajili ya hotuba, asanteni. Namshukuru fundi wetu, ambaye geti hili tuliliokoa kutoka kwenye kifusi cha kibanda chake, nasikia vijana wake ndio waliolichomelea, kazi safi kabisa. Na dereva wa lori, nakushukuru kwa kutokuzima injini, maana ikifika saa nane geti hili linahitajika kata ya jirani, ambako nazindua zahanati.

(Minong'ono. Fundi anasogea mbele, kofia mkononi. "Mheshimiwa, geti chukua, sina neno. Nirudishie kiwanja tu, nisimamishe hata mabati manne. Hawa wanangu wakikaa wiki nyingine bila kazi nitawapoteza. Wale wengine wanakuja kuwaita kila jioni, na mimi sina tena pa kuwaweka.")

Ndugu fundi, ombi lako limenigusa, lakini halitekelezeki. Ripoti ya ukamilishaji nimeisaini leo asubuhi kabla ya chai. Kwa mujibu wa kumbukumbu za halmashauri, pale ulipokuwa unaweka mashine yako sasa pana ukumbi wa kompyuta, na sheria hairuhusu mtu yeyote kuchomelea vyuma ndani ya ukumbi wa kompyuta. Nikikuruhusu, nitakuwa nimehujumu mali ya umma. Nielewe, ndugu yangu. (Hata hema halipigi makofi.)

Nanyi vijana sita, majina yenu yataandikwa siku kituo kitakapofunguliwa. Kwa sasa shikilieni vizuri, lori linarudi nyuma.

(Fundi anavaa kofia yake. "Wanangu, achieni. Mama, twende, tukamwone mgonjwa, kisha tutafute pa kuanzia, hata chini ya ukuta wa mtu." Mikono inatoka kwenye nondo, mmoja baada ya mwingine. Geti linayumba, linasita, linaanguka kifudifudi mbele ya meza kuu. Nyuma yake hakuna kitu, ila mabati yaliyokunjamana na alama za tingatinga. Vijana sita wanapita juu ya utepe, wanamfuata fundi.)

Tulieni, ndugu wananchi, tulieni! Hakuna kilichoharibika. Mpiga picha, ile ya asubuhi ulipiga? Unasemaje? Ulipiga. Basi limesimama. Asanteni sana kwa kunisikiliza.