Mzee Asukile Avuka Ua wa Mama Juliana

Njoni, enyi mlioketi, nanyi mliosimama tegeni masikio. Mwenye uji na aunywe polepole, usije ukampalia nikifika penye vita. Sisimulii habari za wafalme, maana hao wana waimbaji wao. Nasimulia habari za Asukile wa Rungwe, mzee wa kanisa, mwenye kofia pana na fimbo ya mpingo, aliyevuka ua wa nyumba ya wageni ya Mama Juliana pale Iringa mjini, mwezi wa Juni, katika miaka ile ya hamsini, asubuhi ya ukungu na baridi ya kukata masikio. Mimi niletaye habari ni muuza tumbaku wa Chunya. Nilikuwa barazani na bakuli langu, nikayaona yote kwa macho haya, wala sikusaidia lolote, kwa kuwa msimulizi wa habari za mashujaa hajitii vitani, na uji ulikuwa bado wa moto.

Nyumba ile haikuwa ya fahari, bali ilikuwa ya upendo. Vitanda vyake vya kamba vilibonyea katikati, na mablanketi yake ya kijivu yalikuwa mazito hata mgeni akijigeuza usingizini hudhani anasukuma ng'ombe. Vyumba na baraza vilitazama ua. Upande mmoja wa ua lilikuwepo jiko la wazi, na mwisho kabisa, kupita kamba ya nguo na kuku wenye kiburi, kilisimama choo. Njia ya kukifikia ilikuwa moja tu, nayo ilipita mbele ya jiko.

Asukile alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, ambaye alikuwa hajapata kumtia machoni. Mwanawe Jailos, seremala, alikuwa amepanga chumba kimoja Mlandege, asiwe na pa kumlaza baba. Ndiye aliyemwelekeza kwa Mama Juliana, akisema kule hakuna kunguni. Tena alikwisha kupanga kwamba siku babaye atakapokuwapo, mkewe Damari, aliyekuwa akipika pale kila asubuhi, abaki nyumbani. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini Asukile huogopa kuchelewa kuliko aogopavyo simba, akapanda basi la siku iliyotangulia, akafika jioni Damari akiwa amekwisha kuondoka, akalala bila kumwambia mtu yeyote yeye ni nani.

Sasa wajueni Wanyakyusa. Kwao mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, wala mke halitamki jina la mkwewe. Si chuki hiyo. Ni heshima iliyopita kipimo, na avunjaye huona aibu mpaka kaburini. Mchungaji alikwisha kuhubiri kwamba waumini wamefunguliwa katika jambo hilo, na Asukile, akiwa benchi la mbele, aliitikia amina kuliko wote. Kichwa kilikubali. Miguu ilikuwa bado haijabatizwa.

Basi asubuhi ile shujaa aliamka na haja ndogo yenye nguvu kubwa. Akafungua mlango kidogo, akaona mgongo wa mwanamke akikoroga sufuria, na juu ya mgongo ule kichanga kimefungwa kanga, na mwanamke akikibembeleza kwa Kinyakyusa. Akaitambua sauti ile aliyoisikia siku ya harusi. Akaurudisha mlango taratibu, kama afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa, na mzingiro ukaanza.

Ndipo alipotokea Mama Juliana, mjane wa Kihehe, jemadari wa birika, ambaye ukarimu wake haujapata kushindwa na mgeni.

"Kamwene, mzee," akanena mlangoni. "Nimekuletea chai ya tangawizi. Nimekujazia kikombe kikubwa."

"Niwie radhi, mama. Leo chai ni adui yangu."

"Basi nikupe uji."

"Uji ni ndugu wa chai."

Mama akadhani ni haya za ugeni. Akaenda, akarudi na maji ya kunawa, akayamimina katika beseni pale pale kizingitini, polepole, kutoka juu, yakatiririka kwa sauti tamu. Humo ndani nikasikia kitanda kikilia, maana Asukile alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Mwishowe mlango ukafunguka kiasi cha pua.

"Mama mwenye nyumba," akasema kwa mnong'ono, "sikia maneno ya mtu aliyefika ukingoni. Mimi nimevuka mto Kiwira wakati wa masika. Nimelinda mahindi na nguruwe mwitu wakanikimbia. Sijarudi nyuma. Lakini huyo aliye jikoni mwako ni mke wa mwanangu, wala hajui kwamba nipo. Hapa nilipo ndipo nguvu zangu zimeishia."

"Kumbe ndiwe mwenye jina," Mama Juliana akanong'ona. "Tangu ajifungue namwuliza mtoto anaitwa nani, ananijibu, 'Mwite Babu tu.' Nikadhani anamficha na wachawi. Basi usione haya, mzee. Marehemu mume wangu alikuwa akizunguka shamba zima asikutane na mama yangu. Sasa unataka nini?"

Shujaa akanyoosha fimbo kuelekea mwisho wa ua. Mama akaitazama fimbo, akaitazama na miguu iliyopishana, akaelewa.

"Subiri."

"Mama, neno hilo usilirudie."

Habari ilipofika jikoni, Damari aliacha sufuria, akachuchumaa akiukabili ukuta, akajifunika kanga ya pili kichwani. Naye Asukile akatoka amejitanda blanketi la kijivu kutoka utosini hadi magotini, asione wala asionekane, na Mama Juliana akasimama mbele yake kumwongoza.

"Kulia kwako, mzee. Kuku huyo. Haya, nyoosha."

Akamshinda kuku. Akainama chini ya kamba ya nguo, akaibuka na soksi yangu begani. Lakini jemadari alikuwa amegeuka kumtazama, na kulia kwake kukawa si kulia kwa askari wake. Kila alivyozidi kuamuru, ndivyo blanketi lilivyozidi kuliendea jiko, mpaka zikabaki hatua chache amkanyage yule aliyeapa kutomwona. Bakuli likanisimama mdomoni. Damari alisikia fimbo ikikaribia, naye hakuwa na ruhusa ya kusema hata neno moja.

Akakohoa.

Kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu abishaye hodi. Blanketi likasimama. Likageuka. Likaenda kwa mwendo ambao wazee wa kanisa hawatembei, na mlango wa choo ukafungwa kwa kishindo. Yaliyotendeka humo hatuyasimulii, ila yalichukua muda, na Mama Juliana alipiga kigelegele.

Aliporudi, akiongozwa safari hii kwa kushikwa mkono, aliambiwa afunue uso. Jikoni hapakuwa na mtu. Damari alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, na katikati ya ua, juu ya mkeka, alikuwa amemlaza mtoto. Mzee akatupa fimbo, akapiga magoti, akamwinua, akamtazama kitambo mpaka macho yakamlowa, wala hakuyafuta.

"Asukile," akamwita, kwa sauti ya kufika nyuma ya ukuta. "Wewe ndiwe Asukile."

Ndipo mtoto, alipolisikia jina lake likitamkwa kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, akaachilia pale pale, kifuani pa babu yake, bila haya wala kungoja, kile ambacho mwenye jina alikizuia asubuhi nzima.

Basi na ijulikane kutoka Uyole hadi Mlandege kwamba siku ile ua ule ulivukwa, heshima ikafika ng'ambo ikiwa nzima, na blanketi moja tu ndilo lililoanguka vitani. Mzee Asukile, akiwa amelowa, aliugeukia ukuta wa jiko.

"Ndaga," akaushukuru.

Ukuta ukakohoa.