Siku Suruali ya Lowell Schrag Ilipogoma Kuanguka

Sogeeni, enyi wapenda habari za vita, na anayetafuna atafune taratibu, maana leo haimbwi mfalme wala hauimbwi mji uliozingirwa. Leo inaimbwa suruali. Na kama yuko anayedhani suruali ni jambo dogo, huyo hajawahi kuvuliwa yake mbele ya taifa zima kila Alhamisi saa mbili usiku.

Palikuwa na tamthilia ya vichekesho huko Burbank, California, ikirekodiwa ndani ya banda kubwa lisilo na hata dirisha moja, na jina lake Mabeberu wa Pickett. Ilihusu timu ya chuo cha Pickett, timu ya mpira ule wa umbo la yai, wa kofia ngumu na mabega ya kuazima. Ila mpira wenyewe ulionekana humo kwa nadra, kama haya usoni mwa walioiandika. Kazi ya Mabeberu haikuwa kucheza. Kazi yao ilikuwa kuoga. Walioga kipindi kikianza, wakaoga katikati, na kikikaribia kwisha mmoja wao aliingia bafu lisilo lake akamkuta mke wa kocha, na watu wakacheka kana kwamba hawakucheka hayohayo wiki iliyopita. Wanachuo wenyewe walikuwa mibaba yenye vipara vinavyonyemelea na watoto shuleni. Msimu wa nne huu walikuwa bado mwaka wa pili wa masomo, na hakuna aliyewahi kushika kitabu, isipokuwa yule aliyekishika kujisitiri.

Katika jeshi hilo la wenye taulo alikuwemo Lowell mwana wa Schrag, Lowell mwenye mapaja kama magunia ya ngano, jabali la Kansas, mlinzi wa benchi asiyechoka. Aliigiza mtu aitwaye Chubs, mpiga teke wa akiba. Mabeberu wakishinda, Chubs aliruka kushangilia, na suruali yake ikaanguka. Basi. Huo ndio mchango wake kwa ustaarabu wa binadamu. Kamera ilimchukua kwa nyuma, na kwa misimu yote ile nchi nzima ilimjua Lowell kwa upande huo tu. Angeweza kwenda sokoni kununua nyanya na asijulikane na mtu, mpaka ainame.

Tena hata kuanguka kwenyewe hakukuwa kwa jasho lake. Suruali ilikuwa ya kubandika na kubandua, na nyuma ya kiuno ulifungwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, ukapita chini ya makabati ya kubadilishia nguo mpaka mikononi mwa Hector Barragán, fundi wa jukwaa, mvuvi asiye na maji. Barragán alivuta, matako yakaonekana, watu wakapiga makofi, kila mtu akaenda kula.

Siku hiyo ya kurekodi, asubuhi, simu ya Lowell ililia. Alikuwa bibi yake, Verda Schrag.

"Lowell, tumefika. Basi zima la wazee wa kanisa. Tumeona bahari, tumeona donati kubwa juu ya paa la duka, sasa tunakuja kukuona wewe."

"Bibi, leo si siku nzuri sana."

"Tiketi tunazo, baba. Safu ya tatu. Edna amenunua viatu kwa ajili hiyo."

Shujaa akaketi kitandani. Bibi Verda alikuwa Mmenoni wa Kansas, Wakristo wa maisha ya kale, wale wa kitambaa cheupe cha wavu kichwani na gauni la kufika kwenye kifundo. Nyumbani kwake televisheni haikuwahi kukanyaga. Ndiye aliyemlea Lowell tangu mama yake alipofariki, na Lowell alikuwa amemwambia kwamba anaigiza kijana anayewatia wenzake moyo. Haikuwa uongo kabisa. Wenzake walipata moyo sana.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa Kessler. Huyu Kessler ndiye aliyekuwa mtayarishaji mkuu, bwana wa banda, mtu aliyesomea tungo za kale katika chuo cha watu wenye pesa zao, kisha akaja Burbank kuandika mizaha ya ushuzi.

"Bwana Kessler, leo naomba isianguke."

"Isianguke nini?"

"Suruali."

Kessler akaacha kutafuna. "Sasa ianguke nini, Lowell? Bei ya mafuta?"

"Bibi yangu atakuwa safu ya tatu."

"Mpe pole. Sikiliza, kaka. Watu wana fulana zenye picha yako. Na si ya uso. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna anayeujua uso wako, mimi mwenyewe huwa nakutambua kwa viatu. Suruali isipoanguka leo, msimu ujao Chubs kahamia chuo kingine, na wewe umehamia Kansas. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Lowell, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewana na mtu.

Hapo ndipo lilipozaliwa tendo. Maana Lowell alikuwa amecheza mpira kweli, chuo kweli, miaka minne, na katika miaka hiyo minne hakukanyaga uwanja hata dakika moja. Alikaa benchi akiwafunga wenzake vifundo vya miguu kwa plasta nyeupe ya wanamichezo. Na kazi hiyo, hata adui atakiri, aliijua. Kifundo alichokifunga Lowell hakikuteguka. Kuna mchezaji mmoja alifungwa na Lowell siku ya mechi akaoga na plasta hiyo mpaka Pasaka.

Akajifungia chooni na plasta zake, akajivika silaha kama walivyojivika mashujaa kabla ya asubuhi kubwa. Akazungusha kiunoni, akavuka juu ya nyonga, akashuka pajani, akarudi kwa umbo la tarakimu nane, akakaza, akafunga juu ya kufunga, na ncha ya mwisho akaificha mahali ambapo hata yeye hakupaona. Akashusha fulana ndefu ya mchezo juu yake. Akajitazama kiooni. Alinenepa kidogo, na alipumua kwa shida, lakini alikuwa mtu mwenye suruali.

Taa zikawaka. Watazamaji wakaketi, na katika safu ya tatu vitambaa vyeupe vilijipanga kama bata bwawani. Mabeberu wakaoga. Wakaoga tena. Mke wa kocha akapiga yowe. Ikatangazwa kwamba Pickett wameshinda, wakashangilia, na Lowell akaruka juu, akatua, akasubiri majaliwa.

Barragán akavuta. Suruali ikasimama kama ukuta wa gereza.

Barragán akadhani mshipi umekwama, kama unavyokwama siku nyingine, akauzungusha kwenye ngumi akavuta kwa mabega. Lowell akahisi anaitwa nyuma na nguvu isiyo na heshima. Akachimbia njumu zake sakafuni. Barragán akaweka mguu kwenye kabati. Lowell akashika nguzo ya bafu. Ikawa ni kuvutana, Kansas upande huu, fundi upande ule, na katikati yao uzi usioonekana, hata watu wakaona jitu zima likirudi kinyumenyume bila sababu, limekumbatia nguzo, linakunja uso na kusema chini chini, "Hector, acha. Hector, nakuomba, ndugu yangu." Nguzo ikang'oka. Bafu la Mabeberu, lililosimama misimu minne, likalala chali, na Mabeberu watatu wakabaki wazi wameshika sabuni, kila mmoja akitafuta kitabu.

"Simameni," akasema Kessler. Akashuka jukwaani mwenyewe. Akainua fulana ya Lowell kwa vidole viwili, akaiona plasta.

"Umejifunga kama mzigo wa posta."

"Nilikuambia. Bibi yangu yupo."

"Na mimi nilikuambia. Chukua vitu vyako."

Lowell alikuwa amegeuka kutazama safu ya tatu, maana huko mwanamke mmoja mdogo, mzee, alikuwa amesimama na mkoba wake kifuani.

"Samahani, bwana," alisema Bibi Verda. "Kuna tatizo gani na mjukuu wangu?"

"Mama, mjukuu wako hataki kuvua."

"Lowell," akasema bibi, na sauti ile iliyowahi kuita ng'ombe upande wa pili wa shamba ikajaza banda lote. "Tumesafiri kutoka Kansas. Miguu ya Edna imevimba. Tumekula mikate ya baridi na mayai njia nzima. Unadhani tumekuja kuona nini?"

Lowell akaivuta fulana yake chini.

"Tunakuangalia kila Alhamisi, katika chumba cha chini ya kanisa, tukishona mablanketi ya viraka. Televisheni ni ya kanisa, si yangu, mimi sina. Mchungaji anasema ni michezo. Na ikianguka, baba, nawaambia wenzangu: matako yale niliyaosha mimi. Nikayapaka na mafuta. Wao wajukuu zao ni wauza bima."

"Kweli kabisa," akasema Edna.

"Ulijua?" alisema Lowell. "Siku zote hizo?"

"Wewe ndiye uliyesema unawatia wenzako moyo. Mimi sikutaka kukuumbua. Haya, vua, watu wana njaa."

Lowell, simba wa benchi, akaingiza mkono kiunoni. Akatafuta ncha. Hakuiona. Akajaribu Kessler, akavunjika ukucha. Akajaribu Barragán, akasema kwamba maishani mwake hajaona kazi nzuri hivyo, na kwamba haitoki. Mabeberu wakajaribu kwa zamu, mkono mmoja tu kila mtu, kwa sababu zinazoeleweka.

Ndipo Bibi Verda akapanda jukwaani, taratibu, ngazi moja moja, akakabidhi mkoba kwa Kessler kama anavyokabidhiwa kijakazi. Miaka sitini vidole vile vilitafuta ncha za uzi kwenye viraka. Vikapita kiunoni mwa mjukuu, vikasimama, vikabana.

"Zunguka," akasema.

Lowell akazunguka. Bibi akavuta, na plasta ikatoka ikilia kriii, na kijana akaendelea kuzunguka kama pia, mikono juu, akipiga kelele kila ilipong'oa vinyweleo vya mapaja, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, naye bibi akacheka. Na mpiga kamera, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia azime, akayachukua yote, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mzunguko wa mwisho ulipokwisha, suruali ikaanguka yenyewe, polepole, bila mshipi wala fundi, na safu ya tatu ikainuka ikapiga makofi kwa adabu, kama wafanyavyo kwaya ikimaliza.

Kessler alisimama kashika mkoba wa bibi kizee, akitazama ile kamera na taa yake nyekundu. Hakusema tena habari za kuchukua vitu.

Kipindi kile kilirushwa vilevile. Mabeberu hawakuoga mara ya tatu, muda ulikuwa umekwisha na bafu limevunjika, na nchi haikuanguka kwa hilo. Majira ya kiangazi zikatoka fulana mpya. Basi na wenye kalamu waandike, na wenye mawe wachonge, karibu na majina ya walioteka miji na kuvuka jangwa, ili vizazi vijavyo visije vikasema havikuambiwa: mwaka ule, huko Burbank, iligunduliwa kwamba Lowell Schrag ana uso.