Simwinga Lazima Aondoke

Jumamosi, 13 Aprili

Tumefungwa tena. Moja bila, nyumbani, na wageni kutoka Mufulira waliokuja na lori bovu na wachezaji wenye njaa. Pasmore, mlinda mlango wetu, aliinama taratibu kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Mpira ukampita. Alipomaliza kuinama, wenzake walikuwa wamesharudi katikati kuanza upya.

Kocha Simwinga alisimama pale pale, mikono mifukoni. Msimu mzima mikono mifukoni. Msimu mzima watu kumi nyuma, mmoja mbele, na Mungu juu. Lushimba Rovers, timu ya wachimba shaba, timu ya baba yangu, inacheza kama watu wanaoficha deni.

Na kwenye benchi, ndani ya trakisuti iliyopigwa pasi, alikaa Mwitwa. Mwitwa ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu hajui kufunga viatu. Golikipa mwenye mikono kama koleo. Simwinga hajampa hata dakika moja.

Imebaki mechi mbili. Sare moja tu inatubakisha ligi kuu.

Usiku ugali wetu, nshima, ulipoa mezani. Nilimwambia Mwitwa nitalishughulikia suala la kocha. Akaniomba nisilishughulikie. Alisema Simwinga anajua anachofanya. Mtoto ana unyenyekevu wa marehemu baba yake, ambao ndio uliomchelewesha maishani. Nimeamua. Simwinga lazima aondoke.

Jumapili, 14 Aprili

Simwinga anasali kanisa letu, safu ya tatu. Kabla ya ibada nilimfuata mchungaji nikamwomba aombee mabadiliko Lushimba Rovers. Nililitamka neno mabadiliko kwa uzito. Mtu yeyote mwenye akili angelielewa.

Mchungaji akamwita Simwinga mbele. Akasema anahitaji shabiki mmoja wa kweli amwekee kocha mkono. Esnart, mke wangu, akanisukuma.

Basi nikasimama mbele ya kanisa zima, mkono wangu juu ya bega la Simwinga, nikiombea azidi kudumu. Chini ya koti bega lilikuwa jembamba kama la kutundikia nguo. Mwishoni alinishika mkono muda mrefu. Akasema watu kama mimi ndio wanaomfanya aamke asubuhi.

Siku mbaya. Sikula mchana.

Jumatano, 17 Aprili

Bango. Nimeandika kwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile ninayopakia madirisha ya chuma karakanani kwangu. Shuka ni la Esnart, alipewa na dada yake wa Kabwe. Amelihifadhi kabatini kwa ajili ya wageni wa heshima, na miaka yote hiyo sijamwona mgeni wa heshima akifika.

SIMWINGA LAZIMA AONDOKE. Herufi za mwanzo zilitoka kubwa mno. Neno la mwisho nililibana pembeni.

Hapo akapita Wedson Chibesa, mwenyekiti wa mashabiki. Uenyekiti wake unatokana na kitu kimoja: ngoma ni yake. Alilitazama bango akatikisa kichwa. Alisema wazo hilo alikuwa nalo tangu Januari, na kwamba kwa utaratibu bango hushikwa na mwenyekiti. Nikamwambia utaratibu uanze na kununua rangi. Tulibishana mpaka chuma changu kikapoa. Tumekubaliana: yeye atashika upande wa SIMWINGA, mimi upande wa AONDOKE.

Jumamosi, 20 Aprili

Ugenini Chingola. Mbili bila. Sina nguvu ya kueleza mabao.

Upepo. Upande wangu wa bango ulijizungusha kwenye mti nilioushika, na kadiri nilivyoufungua ndivyo ulivyojiviringisha. Uwanja mzima ukasoma SIMWINGA LAZIMA. Mashabiki wa Chingola wakashangilia sana. Simwinga akageuka, akasoma, akatoa mkono mmoja mfukoni akatupungia. Ni mara ya kwanza msimu huu kuuona mkono huo.

Wedson alihojiwa na redio. Alijitambulisha kama mwanzilishi wa harakati. Sauti ya ngoma ilisikika nyuma yake, kumbe alimwachia mtu aipige wakati yeye anahojiwa. Nilitajwa mara moja, kama mtu wa upande wa pili.

Kurudi, lori lilikuwa kimya kama linatoka kuzika. Mzee mmoja alilia waziwazi. Alisema ameiona timu hii ikichukua kombe mgodi ulipokuwa ukinguruma mchana na usiku. Sasa mgodi umelala, na timu ndiyo kitu pekee kinachotajwa watu wakiuliza Lushimba ni wapi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda peke yangu kwa Bwana Nkole, mwenyekiti wa klabu. Ofisi yake iko nyuma ya baa, inanuka bia iliyomwagika. Alinisikiliza habari ya mikono mifukoni, akapiga miayo. Akasema kocha hafukuzwi ikiwa imebaki mechi moja.

Nikaona mlango unafungwa. Ndipo nikasema kwamba Simwinga ameshaanza kuzungumza na timu nyingine, tena huku mechi zikiendelea.

Bwana Nkole aliacha kupiga miayo. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema nimemwona kwa macho yangu haya.

Kusema kweli kocha yeyote huzungumza na watu, na watu wengine wana timu. Sioni kwamba nimetoka nje ya ukweli kwa umbali mkubwa.

Kufika alasiri Simwinga alikuwa ameshafukuzwa. Kwenye baa Wedson alibebwa juu juu. Nilijaribu kueleza mchango wangu lakini ngoma ilikuwa inapigwa.

Habari za ofisini kwa Nkole zilikuwa zimeshamfikia Esnart. Alinipakulia chakula, akakaa mbele yangu bila kula. “Baba Kasuba,” alisema, “uliona nini, na kwa macho yapi?”

Nilisema mambo ya mpira ni marefu. Mwitwa aliinuka mezani akaenda kulala. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri.

Jumatano, 24 Aprili

Timu amepewa kocha msaidizi, Teddy, kijana asiyeweza kumkatalia mtu kitu. Nimempelekea kuku. Nilimweleza kwamba taifa linamsubiri Mwitwa. Alimtazama kuku, akanitazama mimi, akasema sawa mzee. Jumamosi Mwitwa anaanza.

Mchana Pasmore alikuja karakanani. Kwa karibu amezeeka kuliko nilivyodhani, vidole vyake vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Nilidhani amekuja kugombana. Alikaa juu ya gurudumu akazungumza polepole. Alisema Mwitwa ni bora kuliko yeye, mbali sana, wakiwa mazoezini peke yao. Ila watu wakijaa kwenye uzio, mikono ya kijana inakuwa baridi na masikio yake yanasikia kila kitu. Simwinga aliliona hilo mapema. Mpango wake ulikuwa kumwanzisha msimu ujao, ugenini, mechi ndogo ndogo, mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake. Ndiyo maana yeye Pasmore alikubali kuzomewa mwaka mzima.

“Kijana mwenyewe anajua,” alisema. “Muulize tu.”

Nilimwambia naelewa uchungu wa mtu mzima anayepoteza nafasi yake, na wala simlaumu. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, akaondoka.

Sikumuuliza Mwitwa. Mtoto asisumbuliwe kabla ya mechi kubwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Naandika kwa sababu siwezi kulala.

Mtaa mzima ulikuja. Nilipita nyumba kwa nyumba tangu Alhamisi. Wedson mwenyewe alinisogezea nafasi mbele, hapo hapo nyuma ya goli letu, na nikawafundisha watu kuimba jina la Mwitwa. Aliposikia aligeuka. Nikampungia kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, nikadhani ni jua.

Kila alipogusa mpira niliita jina lake. Kila alipokosa kuugusa niliita pia, ili ajue tuko pamoja. Bao la kwanza lilipita katikati ya miguu yake alipokuwa amegeuza kichwa upande wetu. La pili aliushika mpira vizuri kabisa, kisha akauachia, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mtu. La tatu na la nne sikuyaona vizuri. Watu walikuwa wamesimama mbele yangu, na baadhi walikuwa wanacheka. Halafu wakaacha kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Wakati wa mapumziko Mwitwa alivua glavu akampa Pasmore mkononi. Pasmore alimkumbatia kichwa akakishikilia kifuani mwake, mbele ya watu wote.

Kipindi cha pili halikuingia bao hata moja, kwetu wala kwao. Watu kumi nyuma, mmoja mbele. Nyuma yangu mtu mmoja alisema Simwinga alituchosha, lakini sare alikuwa anazijua.

Nne bila. Tumeshuka daraja. Wedson alifunika ngoma yake kwa koti kama maiti akaibeba kwenda nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 28 Aprili

Mwitwa hakurudi kulala. Esnart aliniambia tu kwamba yuko salama, akaishia hapo.

Ameliona shuka. Amelifua mara mbili. Rangi ya kuzuia kutu haitoki, kwa hilo naisifu. Ameliangika nyuma ya nyumba, na kila anayepita njiani anasoma.

Mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Moto mdogo, msitu mkubwa. Nilimtazama Wedson muda wote ili ajue anasemwa.

Safu ya tatu ilikuwa na nafasi wazi.

Jumanne, 30 Aprili

Mwitwa yuko kwa Simwinga. Anaishi huko. Nilipoambiwa nilikaa chini.

Nilikwenda. Simwinga alikuwa anachimba viazi vitamu nyuma ya nyumba, suruali imekunjwa magotini, mikono yote miwili nje. Mkewe aliniletea kata ya munkoyo, togwa yetu ya mahindi na mizizi, nikanywa. Tuliulizana habari za nyumbani. Kisha Simwinga akaegemea jembe.

“Baba Kasuba,” alisema, “ile timu uliyoniona nikizungumza nayo, ni ipi? Nauliza kwa sababu sasa natafuta kazi.”

Hakusema kwa hasira. Alisubiri kweli, kama mtu anayeuliza njia. Nilisema huenda niliona kwa mbali. Akasema ndiyo, mbali huwa panadanganya. Akaendelea kuchimba.

Mwitwa alitoka ndani. Amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe, lakini alinitangulia.

“Sijakukasirikia, Baba Mkubwa,” alisema. “Wewe ndiye uliyenilisha. Naomba kitu kimoja tu. Nikiwa golini, usije.”

Nilisema nimesikia. Simwinga alinijazia mfuko wa viazi nimpelekee Esnart. Nilivibeba njia nzima bila kuuhamisha mfuko mkono, na nilipofika vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Esnart alivipika. Vilikuwa vitamu. Tulipokuwa tunakula, mara moja alinisogezea chumvi.

Jumamosi, 4 Mei

Wafyatua matofali wa kando ya mto wana timu yao, na Simwinga amekubali kuwafundisha bure mpaka apate kazi. Leo wamecheza na wauguzi wa zahanati. Mwitwa alikuwa golini.

Nimetunza ahadi yangu. Sikukanyaga uwanja. Nilipanda juu ya tanuri la matofali lililopoa, ng'ambo ya njia. Tanuri si uwanja.

Watazamaji walikuwa mbuzi na kina mama wachache. Na yule mtoto alicheza. Aliruka kulia, akaruka kushoto, akautoa mpira kwenye pembe ambayo ndege hafiki. Mara moja aliudaka akacheka peke yake, mpira kifuani. Sijamwona akicheka hivyo tangu mdogo wangu yuko hai. Nilivua kofia nikaing'ata, nisitoe sauti. Niliing'ata kipindi chote cha kwanza, na machozi yalinitoka, nadhani ni vumbi la matofali.

Karibu na mwisho wauguzi walipata penalti. Muuguzi mnene, wa mguu wa kushoto. Nilimsoma kutoka kule juu kama gazeti: anapiga kulia. Mtu mwingine yeyote angenyamaza na siri kama hiyo? Nilitoa kofia mdomoni nikaita mara moja tu, kwa ufupi, “Mwitwa, kulia!”

Mwitwa aligeuka kutazama tanuri. Mpira ukaingia. Kulia, kama nilivyosema.

Nililala kifudifudi juu ya matofali mpaka wote walipoondoka. Sidhani kama ameniona.

Nimelitafakari jambo hili njia nzima, bila chuki. Kosa ni la Simwinga. Kocha anayejua kazi yake humfundisha golikipa asigeuke anapoitwa. Tena alikuwa amesimama pale pale, mikono imesharudi mifukoni. Wafyatua matofali ni watu wema, hawastahili hali hii. Kesho baada ya ibada nitazungumza na nahodha wao.

Nimemuuliza Esnart kama tuna shuka jingine.