Ombi la Kodi ya Mbwa Wanaobweka

Mgahawa wa Odette,
Tamarack Ford, Wisconsin.
Jumanne, wiki ya pili ya Aprili.

Kwa Mheshimiwa Bi Lorna Vukovich,
Mwakilishi wetu katika Bunge la Jimbo.

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba una dakika chache za kumsikiliza mpiga kura ambaye hajawahi kukupigia kura. Jina langu ni Orrin Skaar, umri miaka sabini na sita, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Naandika kwa heshima zote kulalamikia ile taarifa unayotutumia kila mwezi, ya karatasi ya kung'aa, yenye picha yako umemkumbatia ng'ombe. Sina ugomvi na ng'ombe.

Ili uielewe hasara yangu, ujue kwanza kwamba kwa miaka kumi na minane watu watatu, yaani mimi, Delmar Kosik na Wendell Ruud, tumekaa meza ya dirishani kwa Odette kila asubuhi tangu saa kumi na mbili, kazi yetu ikiwa moja tu: kuisema serikali. Tuliifanya kwa bidii, bila likizo. Taarifa yako imeivunja meza hiyo kama ifuatavyo.

1. Wendell. Mwezi wa pili uliandika kwamba mwenye shida ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi apige simu namba fulani. Mashine ya joto ya Wendell ilikuwa imekufa tangu Krismasi, akawa analala na koti na kofia. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Piga, bwana, tuwaumbue. Hapokei mtu pale." Tukawekeana dau la kipande cha pai. Simu ilipokewa mlio wa pili! Mama mmoja akamuuliza, "Baba, hapo ulipo sasa hivi una joto?" Mheshimiwa, serikali gani inauliza hivyo? Siku sita baadaye mafundi wawili wakaja na mashine mpya. Sasa Wendell anaamka saa nne, yuko na soksi tu nyumbani kwake, anasikiliza redio. Na pai niliilipa.

2. Shimo. Lile lililokuwa barabarani mbele ya mgahawa lilikuwa na umri wa miaka tisa na kina cha kumfikia bata shingoni. Lilitulisha maneno majira yote. Mume na mke kutoka Chicago waliwahi kuacha gurudumu humo, wakala kwa Odette mara mbili wakisubiri fundi, na mpaka leo wanatuma kadi. Ukapitisha ile sheria yako ya barabara za vijijini, ukatangaza ukurasa wa kwanza, na Jumatatu moja wakaja watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa wakalifukia kabla sijamaliza kikombe cha pili. Hatukuulizwa.

3. Delmar. Hapa nakuomba ukae chini.

Delmar alimzika mkewe, Ilse, miaka miwili iliyopita. Baada ya hapo akanyamaza. Alikuja mezani, akanywa kahawa, akaondoka, mwezi mzima bila neno. Na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hawezi kusoma, kwa hiyo mimi nikawa namsomea taarifa yako. Kwa kweli, Mheshimiwa, mambo uliyoandika hayakuwa na chumvi. Madaraja. Maktaba. Chanjo ya ndama. Nikisoma, naye anatazama dirishani. Basi asubuhi moja, sijui shetani gani alinipitia, nikasoma kwamba bunge limepitisha kodi kwa kila mbwa anayebweka zaidi ya mara kumi kwa siku.

Delmar akapiga meza hata vijiko vikaruka. "Wamerukwa na akili hawa! Nani atakayehesabu?"

Nikamwambia wameajiri wahesabuji.

Ndugu yangu alikuwa amerudi. Ungekuwa wewe, ungeacha? Mwezi uliofuata nikapiga marufuku mayai ya kulowekwa kwenye siki siku za Jumapili. Baadaye nikaamuru kila ng'ombe awe na kitambulisho chenye picha, na asicheke wakati wa kupigwa picha hiyo. Delmar akawa anafika wa kwanza, amenyoa ndevu, anauliza, "Enhe, leo wamefanya upuuzi gani?"

Bahati mbaya akakuandikia. Barua yake unayo. Alimwambia mpwa wake akaiandika, na maneno yale kuhusu mama yako yalikuwa ya Delmar mwenyewe. Ulimjibu kwa upole kwamba huijui sheria hiyo. Jibu lako nilimsomea mimi. Nilimsomea kwamba unasema kodi itapanda.

Kisha, Mheshimiwa, ukatangaza lile gari la bure la kuwapeleka wazee kwa daktari wa macho. Odette akamwandikisha. Mwezi uliopita Delmar akarudi anaona mpaka chembe za pilipili kwenye yai, akafungua droo yake, akaisoma barua yako.

Alikuja mezani, hakuketi. Akasema, "Orrin, nionyeshe ukurasa wa mbwa."

Sikuwa nao.

"Nimemtukana mama wa watu bure! Nimemfungia Biskuti ndani miaka miwili asibweke, mbwa wa marehemu, halafu wewe unaninyweshea kahawa hapa!"

Hilo la Biskuti sikulijua. Nakuapia sikulijua.

Tangu siku hiyo anakaa kaunta, amenipa mgongo. Akitaka sukari anamwambia Odette, "Mwombe yule mbunge hapo dirishani akupitishie." Watu wanacheka. Mimi ninakaa na viti viwili vitupu na barabara isiyo na shimo.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya, nayo si makubwa kwa mtu wa cheo chako. Kwanza, upitishe sheria ya mbwa wanaobweka, na tarehe irudishwe nyuma miaka miwili. Ya mayai na ya ng'ombe zifuate kwa utaratibu wa kawaida, sitaki kukuharakisha. Pili, taarifa zijazo ziwe na namba za simu zisizopokelewa. Tatu, shimo lirudishwe. Ikishindikana lote, hata nusu.

Ukifanya hivyo nitakuwa mtu mkweli, na mtu mkweli anaweza kwenda kaunta akaketi. Nimejaribu kwenda bila sheria. Nimefika mpaka kwenye koti lake mara tatu, nikageuka nikajifanya nafuata chumvi.

Wasalimie wote huko bungeni Madison, wa chama chako na wale wengine, makarani, walinzi wa mlangoni, na yule mama wa simu za joto, ambaye Wendell bado anamtaja. Ng'ombe wa pichani naye nampa salamu zake.

Ni mimi, mwananchi wako mwenye manung'uniko na adabu,

Orrin Skaar

Tanbihi: Nilimwomba Odette stempu. Akaichukua barua, akasema haiweki posta mpaka isomwe na mtu mwenye macho mazuri, akampelekea Delmar. Ameisoma yote, polepole, kidole chini ya kila mstari. Penye jina la Ilse alisoma mara mbili. Kisha akaja na kikombe chake, akaketi hapa nilipo, akasema, "Wahesabuji, Orrin? Wahesabuji?" na akacheka mpaka Odette akaja kumpiga mgongo. Amesahihisha makosa yangu manne na anakuomba radhi kuhusu mama yako. Kwa hiyo usipitishe chochote. Tena Delmar amesoma taarifa yako mpya, na ukurasa wa nne, kwa maandishi madogo ambayo mimi nisingeyaona, kuna muswada wa kweli wa kuandikisha mbwa wote wa jimbo. Mheshimiwa, mmerukwa na akili? Tunaupinga sote wawili, na tumempigia simu Wendell avae viatu aje.