Lori la Mita Kumi

Injinia aliiacha shule kabla hesabu za kugawanya hazijamfikia, lakini jina lilimkaa. Uinjinia wake wote ulikuwa kofia ngumu ya plastiki, futikamba, na lori la mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi: ama lori lipate kazi ya kueleweka, ama arudishe funguo, na ikibidi arudishe na mke.

Asubuhi moja kwenye kituo cha malori akamsikia mama mmoja akiwauliza madereva, "Hili lenu linabeba mchanga kiasi gani?" Mmoja akajibu kwamba linabeba mzigo wa kutosha. Mwingine akasema inategemea Mungu. Mama huyo alikuwa fundi cherehani mstaafu, anajenga vyumba vya kupangisha, na alihitaji mchanga tripu arobaini. Injinia akavaa kofia.

"Mama, hao wanakisia. Mimi napima. Shika futi mwenyewe, sipendi kuaminiwa bure."

Wakalipima lori kwa nje, likiwa limeshajaa mchanga hadi ukingoni. Urefu mita nne, upana mbili na nusu, kimo moja. Mita kumi za ujazo, hazipungui. Futikamba haikuiona sakafu ya pili, ya mbao, iliyokazwa kwa bolti sentimita thelathini juu ya ile halali. Lori lilibeba saba. Ndiyo maana bei ya Injinia ilikuwa chini kuliko ya wote: tatu katika kila kumi zilikuwa hewa, na hewa hainunuliwi.

"Miaka thelathini nimepima viuno vya watu," mama akasema. "Kila mtu hunitajia namba yake kabla sijamgusa. Hebu niandikie hiyo yako."

Injinia akaandika kwamba lori linabeba mita kumi, akatia saini, akapiga na muhuri. Watu wa namna yake hukosa nauli, muhuri hawakosi.

Mzigo wa kwanza ukamwagwa kiwanjani. Wakati Injinia akinywa chai aliyokaribishwa, mama alilizunguka lori, akachungulia ndani, akarudi ametulia.

"Kazi ni yako, mwanangu. Ila kwanza niondolee udongo wa shimo la tangi. Shimo ni mita tano kwa nne, kina tatu."

Injinia akapiga hesabu hadharani. Sitini kwa kumi, sita. "Tripu sita tu, mama. Hizo nakufanyia bure, ilimradi tripu arobaini za mchanga ziwe zangu."

"Zako, kwa bei uliyotaja. Andika: udongo wote."

Akaandika. Hapa, msomaji mwema, tunyamaze kidogo kwa heshima. Mtu akiwadanganya wengine ni tapeli. Akipiga hesabu zake kwa uongo huohuo, basi amejigeuza mteja.

Baada ya tripu sita, kichuguu cha udongo kilikuwa kimebaki karibu nusu. Dereva wake, mtu mzima asiyecheka ovyo, akajifuta jasho.

"Bosi, udongo huu unazaa?"

Haukuzaa. Udongo ukichimbwa huvimba, na sitini za shimoni zilikuwa zimekaribia themanini juu ya ardhi. Lakini hilo hufundishwa kwa mainjinia.

Mama alikuwa kivulini na kikombe chake. "Sita si zimekwisha, Injinia? Au lori limekonda?"

Injinia akatabasamu. Akikiri kwamba lori linabeba saba, muhuri wake mwenyewe utamshitaki, na kazi ya arobaini imekwenda. Asipokiri, atasomba mpaka mafuta yaishe.

"Tukiendelea hivi ni tripu tano tena," dereva akamnong'oneza. "Tukitoa zile mbao na kujaza kwa kilima, ni tatu."

Wakazitoa huko huko jalalani walikokuwa wakimwaga udongo, wakazitupa, wakazifukia kwa udongo. Tripu tatu, na kiwanja kikawa cheupe. Injinia alishuka akijipongeza. Mama alikuwa ameshapanda nyuma ya lori tupu na futi yake ya cherehani.

"Kimo mita moja," akasema. "Hongera. Asubuhi, ulipokuwa unakunywa chai, kilikuwa sentimita sabini."

Injinia akavua kofia. "Mama, kama ulijua, mbona hukusema?"

"Mteja akibana tumbo simwambii kitu, mwanangu. Namsubiri apumue."

Mzigo wa kwanza ulijaziwa mita tatu zilizopungua. Kisha zikaja tripu arobaini, zote kumi kamili, kwa bei ya saba, na kila mzigo mama aliupima kabla haujamwagwa. Mama mkwe alifurahi mno kusikia kazi imepatikana. Siku hizi huwasimulia majirani jinsi mkwe wake alivyo mwaminifu, na Injinia, kila akiyasikia hayo, hukosa usingizi kwa uchungu.