Eksi Nyekundu Arobaini

Jumatatu, 5 Juni 2006
Kanjo, hao watu wa baraza la mji, wanataka soko yetu hapa kando ya reli, Kitale. Mwenyekiti wetu Mukhisa ametoka ofisi yao na jasho mpaka kwa kola. Anasema mkubwa wao atapita Jumatatu ijayo saa tatu. Akikuta vibanda zote arobaini zinafanya kazi, tunabaki. Akikuta nusu, bulldoza inaingia. Mimi niko na hii kibanda ya chai tu, na ndio inasomesha Fridah wangu.

Nabwile, jirani yangu, pia wa chai, akasema tuandike barua tubandike kila mahali, watu wasimame imara. Anajifanya juu ya kufika darasa la nane. Nikamuuliza nani atasoma. Mimi niliachia la tatu, na niko kati ya wale wamesoma. Nikasema tuweke mabango ya picha. Picha hata mbuzi inaelewa. Wakanipigia makofi. Nabwile akasugua sufuria.

Jumatano, 7 Juni
Bungoma, kwa binamu yangu Wabwile, ule anachoraga vichwa kwa vinyozi. Nikataka bulldoza. Akasema bulldoza hajawahi, yeye ni vichwa, na ng'ombe ya butcheri. Nikamwambia basi anza na ng'ombe, uweke magurudumu. Ikatoka ng'ombe imekasirika.

Sasa watu watajuaje tunaikataa? Nikamwambia apige eksi kubwa nyekundu juu yake, kama ile mwalimu alikuwa ananiwekea kila siku. Maana yake: hapana, toka. Mabango arobaini. Ng'ombe haionekani sana, lakini eksi inaonekana mpaka Webuye.

Ijumaa, 9 Juni
Mabango iko chini ya kitanda. Nimeambia watu watatu tu, siri. Kufika saa sita soko yote ilikuwa inajua, lakini picha hakuna mtu ameona.

Bulldoza imeletwa. Imepaki ng'ambo ya reli, dereva anakula miwa akituangalia. Mandazi zimeungua mara mbili.

Jumamosi, 10 Juni
Jioni, watu wakishafunga wameenda nyumbani, nimebandika na uji ya ngano, mlango kwa mlango. Nabwile peke yake alikuwa bado, akakataa, ati mlango yake ni ya wateja. Nikamwambia, mama, utajuta peke yako. Yake nikaweka kwa yangu. Sasa niko na mbili.

Jumapili, 11 Juni
Nimetoka kanisa saa saba nikasikia nyundo. Nikafurahi, nikadhani wanatengeneza vibanda zipendeze. Nikakutana na Makokha wa viatu, mabati kwa kichwa.

Akaniambia, "Mama Fridah, kimbia bana. Wametuwekea eksi."

Nikamwambia hiyo eksi ni yangu. Akasema niache mchezo. Kanjo wakipaka eksi nyekundu kwa kibanda, unatoa mabati yako kabla hawajakuja kuchukua. Si hivyo ndio walifanya kule stage ya matatu mwaka jana? Hapo ndio nikakumbuka stage.

Nikakimbia mlango kwa mlango nikiwaeleza mambo ya ng'ombe. Hakuna mtu aliona ng'ombe. Nikarudi kwangu mbio nifungue, angalau nionekane. Nikakuta wamama wa kanisa wamenibomolea, mbao zimefungwa vizuri na kamba. Wakasema nisiwashukuru, ati mimi nilikuwa na eksi mbili, lazima ni mbaya zaidi.

Jumatatu, 12 Juni
Saa tatu kamili mkubwa akafika. Akahesabu kibanda moja. Mukhisa akaanza kuhesabu tena na kidole. Mkubwa akasema asanteni kwa kuhama kwa hiari, hajawahi kuona watu wastaarabu hivi. Akakaa kwa Nabwile, chai vikombe mbili, mandazi nne. Akaandika jina yake kwa kitabu: huyu mama asiguswe mpaka apewe nafasi kwa soko mpya. Sisi wengine tupange laini, pengine mwaka ujao.

Bulldoza iliingia saa tano. Haikuwa na kazi. Iligeuka ikaenda.

Jumatano, 14 Juni
Naosha vikombe kwa Nabwile. Jioni ananilipa vizuri, na hiyo ndio inaniuma. Makokha hupita akilia kama ng'ombe.

Lakini nimefikiria sana nikipangusa. Tukitaka nafasi kwa soko mpya lazima tupigane, na watu bado hawasomi. Picha haikuwa na shida. Eksi pia haikuwa na shida. Shida ilikuwa rangi. Nimepigia Wabwile simu: arobaini zingine, eksi ya kijani, na ng'ombe aongeze meno.

Ya kwanza nimepaka mwenyewe leo na rangi ya geti, kwa mlango ya Nabwile, kwa vile ndio kibanda imebaki. Ameenda kusaga mahindi posho mill. Akirudi ataona.